Nukta Nyekundu Juu ya Bastola ya Mashindano: Si Leza, Wala Si Darubini

Tangu Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, hata watu ambao hawakuwahi kuufuatilia mchezo wa kulenga shabaha wamekuwa na la kusema kuuhusu. Walimwona Yusuf Dikeç wa Uturuki, mkono mmoja mfukoni na miwani ya kawaida usoni, akitwaa medali ya fedha pamoja na mwenzake katika bastola ya hewa ya mita 10 kwa timu mchanganyiko. Wakamwona pia Kim Yeji wa Korea Kusini akitwaa fedha upande wa wanawake, jicho moja likiwa nyuma ya kijilenzi na jingine limezibwa. Mabishano yakaanzia hapo: yule ana mtambo wa kielektroniki, huyu anatumia macho yake tu. Kwa kweli hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kilengeo cha kielektroniki, kwa sababu kanuni za ISSF, shirikisho linalosimamia mchezo huo katika Olimpiki, haziruhusu vilengeo vya aina hiyo kwenye bastola. Alichovaa Kim kilikuwa cha kumsaidia kuona vizuri vilengeo vya chuma vilivyo kwenye silaha, pamoja na kizibo cha kuyaondolea bughudha macho yake.

Kile kifaa chenye kioo kidogo na nukta nyekundu, ambacho watu hukiona kwenye video na kuuliza kama ni leza, kimezoeleka zaidi katika mchezo mwingine: ulengaji wa vitendo, ambamo mchezaji hasimami mahali pamoja bali hukimbia kutoka kituo hadi kituo, huchungulia kwenye madirisha ya mbao, hubadilisha magazini (kasha la risasi) akiwa mwendoni, na kuhesabiwa alama pamoja na sekunde. Shirikisho lake kubwa la kimataifa, IPSC, lilianzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, nchini Marekani. Mwaka 1996 ukaja mchezo wa IDPA, ulengaji wa vitendo unaoiga mazingira ya kujilinda, ambao wapenzi wa silaha wa Kenya wanaufahamu kupitia uwanja wa Kirigiti, Kiambu. Makala haya yanahusu nukta hiyo: ni nini hasa, na mtu mwenye leseni, mwenye klabu na mwenye nia ya kushindana aichagueje bila kupoteza fedha.

Tuanze na neno lenyewe. Kilengeo ni ile sehemu iliyo juu ya bastola ambayo humwonyesha mlengaji mahali ambapo risasi itaelekea. Bastola nyingi hutoka kiwandani zikiwa na vilengeo vya chuma viwili: nyuma pana pengo la mraba, mbele pana kijiti kifupi. Mlengaji hukiweka kijiti katikati ya pengo, vichwa vikiwa sawa, kisha hupeleka picha hiyo yote kwenye shabaha. Ugumu ni kwamba vitu hivyo vitatu viko umbali tofauti kabisa, na jicho la binadamu haliwezi kuviona vyote vitatu vikiwa vikali kwa wakati mmoja. Mafunzo ya jadi yanasema ukaze macho kwenye kijiti cha mbele na uiache shabaha iwe na ukungu. Kijana wa miaka 20 huliweza hilo bila taabu. Mtu aliyevuka miaka 40, ambaye sasa analazimika kulisogeza gazeti mbali ili alisome, hugundua kwamba kijiti cha mbele nacho kimeanza kuwa na ukungu, na hapo ndipo wengi huanza kuulizia nukta nyekundu.

Ili kuelewa nukta hiyo inavyofanya kazi, jiweke ndani ya basi la usiku, kando ya dirisha, taa ya ndani ikiwa inawaka. Ukitazama nje unaona barabara na vichaka, lakini pia unaiona ile taa ya ndani ikielea huko nje juu ya vichaka kana kwamba imetundikwa hewani. Kioo kile kile kinapitisha mwanga wa nje na papo hapo kinakurudishia mwanga wa ndani. Mtu wa kwanza kuugeuza ukweli huo mdogo kuwa kilengeo cha silaha alikuwa Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini wa Dublin, aliyeupatia hataza mwaka 1900. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilileta sokoni kilengeo cha kielektroniki cha nukta nyekundu, na vilivyo juu ya bastola leo ni wajukuu wa wazo hilo: taa ndogo sana ya LED huko nyuma humulika kioo kilicho mbele, na kioo kilichopakwa utando maalumu huurudisha mwanga mwekundu kwenye jicho huku kikiuacha mwanga mwingine upite. Utando huo ndio unaofanya baadhi ya vioo vionekane na rangi ya buluu hafifu unapovichungulia.

Lakini kioo cha basi ni bapa, na hiki kimepinda. Mpindo huo hufanya kazi ile ile inayofanywa na bakuli linalong'aa ndani ya taa ya mbele ya gari: balbu ikiwekwa mahali pake hasa, miali haitawanyiki ovyo bali hutoka sambamba. Kwa jicho, miali inayokuja sambamba ni kama mwanga uliotoka mbali sana. Utotoni karibu sote tuliamini kwamba mwezi unatufuata, kwa sababu tulipotembea minazi ilirudi nyuma lakini mwezi ulibaki nasi. Nukta ndani ya kioo hufanya vivyo hivyo. Ukisogeza kichwa kidogo kushoto, nukta husogea ndani ya fremu ya kioo, ila huendelea kuelekeza mahali pale pale kwenye shabaha.

Kutokana na hilo pekee, uvumi kadhaa unajibika. Hii si leza: hakuna mwali unaotoka kwenye bastola kwenda kwenye shabaha, na anayesimama upande wa shabaha haoni nukta yoyote juu yake, kwa sababu nukta ipo kwenye jicho la mlengaji tu. Si darubini pia, maana haikuzi kitu hata kidogo. Ndiyo sababu macho yote mawili huachwa wazi. Na nukta si lazima iwe katikati ya kioo. Hili la mwisho wanaotoka kwenye vilengeo vya chuma hulikataa kwa muda mrefu, wakipoteza nusu sekunde kila mara wakiivuta nukta ije katikati, ilhali nukta iliyo pembeni kabisa mwa kioo hukosea kwa milimita chache, pengine sentimita moja hivi, kosa ambalo kwa wataalamu huitwa paralaksi na ambalo katika shabaha za mchezo huu halina uzito.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Watu wengi huanzia kwenye bei au kwenye jina la kampuni, na huko ni kuanzia katikati ya safari. Kitabu cha kanuni ndicho cha kwanza. Katika IPSC wachezaji hugawanywa kwa divisheni, yaani makundi kulingana na aina ya silaha. Divisheni ya Open huruhusu karibu kila kitu, kikiwemo kilengeo kilichofungwa kwa mkono wa chuma kwenye fremu, yaani mwili wa bastola, ambacho hakitikisiki pamoja na slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kwa nguvu kila risasi inapofyatuliwa. Divisheni za Standard na Production ni za vilengeo vya chuma. Production Optics, na ile ya Kimarekani iitwayo Carry Optics chini ya shirika la huko la USPSA, ni za bastola zinazofanana na za kawaida zenye kilengeo juu ya slaidi. Tofauti hii si ya makaratasi tu. Kilengeo cha kwenye fremu huishi maisha ya abiria wa kiti cha mbele. Cha kwenye slaidi huishi maisha ya mzigo uliofungwa nyuma ya pikipiki kwenye barabara ya mawe, mara mia kadhaa kwa shindano moja. Kwa hiyo swali la kwanza si "kilengeo kipi kizuri?" bali "kilengeo kipi kizuri kwa divisheni gani, kikifungwa wapi?"

Swali la pili ni la unyayo. Kila kilengeo kina umbo la kitako chake, idadi ya skrubu na nafasi kati yao, na kampuni hazikukubaliana kamwe juu ya umbo moja. Upo unyayo wa Trijicon RMR, ambao kampuni nyingine nyingi, Holosun ikiwemo, wameufuata. Upo wa Leupold DeltaPoint Pro. Upo wa Docter, unaotumiwa pia na Vortex Venom na Burris FastFire. Upo wa Aimpoint ACRO, ambao hubana kama koleo. Rimu ya nati tano haifungwi kwenye gari la nati nne, hata iwe nzuri namna gani. Namfahamu mlengaji mmoja aliyesubiri kilengeo chake kwa miezi, kikafika, akakiweka juu ya slaidi mbele yetu sote, na matundu yakapishana kwa upana wa njiti ya kiberiti. Alikuwa amesoma kila kitu kuhusu kioo na hakusoma mstari mmoja kuhusu kitako.

Bastola nyingi ambazo slaidi zake zimechongwa tayari nafasi ya kilengeo huja na mabamba ya kati ya kupatanisha nyayo hizo, na bamba lililotengenezwa vizuri halina aibu. Ila kumbuka kwamba kila bamba huongeza tabaka moja la skrubu, na hukiinua kilengeo juu kidogo zaidi. Mwenye uhakika wa kilengeo anachokitaka hupata matokeo bora zaidi kwa slaidi iliyochongwa kwa unyayo huo moja kwa moja. Asiye na uhakika aanze na bamba.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye kioo chenyewe, na hapa natofautiana na wauzaji wengi. Wao huanza kuzungumzia nukta. Mimi naona upana wa kioo una maana kubwa zaidi, hasa kwa mtu anayeanza. Simama kando ya mstari siku ya mazoezi umtazame mgeni wa nukta. Kipima muda kinalia, anaichomoa bastola, anainyoosha mikono, kisha anaganda. Kioo ni kitupu. Nukta ipo, lakini mdomo wa bastola umeelekea juu kidogo, na nukta imefichwa nje ya fremu. Anaanza kuichezesha bastola juu, chini, kushoto, kulia, kama mtu wa kijijini anayetafuta mtandao wa simu. Sekunde mbili zimekwenda, na katika mchezo ambao alama zako hugawanywa kwa sekunde ulizotumia, mchezaji aliyepata alama 60 kwa sekunde 10 ana 6, na aliyepata hizo hizo kwa sekunde 12 ana 5.

Kioo cha RMR, kilengeo imara sana kilichobuniwa kwanza kwa ajili ya watu wanaobeba silaha kazini, kina ukubwa wa takriban milimita 22 kwa 16. Trijicon hao hao walipotengeneza SRO wakiwa na washindani akilini, walikipa kioo cha takriban milimita 25 kwa 22. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo. Mkononi ni kama kutoka kwenye tundu la ufunguo kuja dirishani. Kioo kipana hakikufanyi ulenge vizuri zaidi, kinakupa tu nafasi ya kuiona nukta hata pale ulipoinua bastola vibaya. Gharama yake ni kwamba kioo kikubwa kilichojitokeza mbele huwa hatarini zaidi kikianguka kwenye saruji. Kwa mashindano ya Jumamosi nadhani biashara hiyo inafaa. Kwa silaha ya kulinda nyumba ningesita.

Dawa ya kudumu ya kioo kitupu, hata hivyo, haiuzwi dukani. Ni mazoezi makavu: bastola imehakikishwa mara mbili kuwa haina kitu, risasi zimeachwa chumba kingine, na mtu anaiinua mara hamsini kila jioni akiwa ameikazia macho swichi ya ukutani, si bastola. Walimu wengine hubandika kipande cha utepe mbele ya kioo ili jicho la kulia lione nukta tu na la kushoto lione shabaha tu. Ubongo huziunganisha picha mbili kuwa moja, na anayetazama nukta badala ya shabaha hujigundua mara moja.

Ukubwa wa nukta sasa. Hupimwa kwa dakika ya pembe, ambayo kwenye maboksi huandikwa MOA: gawanya digrii moja mara 60, kila kipande ni MOA 1. Pembe hiyo hupanuka kadiri umbali unavyoongezeka, kama miguu ya ngazi iliyofunguliwa. Kwa mita 10, MOA 1 hufunika takriban milimita 3. Kwa mita 25, takriban milimita 7. Kwa hiyo nukta ya MOA 2.5 hufunika karibu sentimita 2 kwa mita 25, na ya MOA 6 hufunika zaidi kidogo ya sentimita 4. Linganisha na eneo la A la shabaha, lenye alama 5, ambalo lina upana wa sentimita 15 hivi. Hapo utaona kwamba hofu ya "nukta kubwa itafunika shabaha" imetiwa chumvi. Nukta kubwa huonekana haraka kwenye jua kali na kwenye mwendo. Nukta ndogo humpendeza anayelenga vibao vidogo vya chuma vya mbali kwa utulivu. Kwa mchezo wa kukimbia, kati ya MOA 5 na 8 si kosa, na MOA 2 au 3 haimzuii mtu kushinda. Baadhi ya vilengeo, kama vya Holosun, huongeza duara la MOA 32 kuzunguka nukta ya MOA 2. Wanaoanza hulipenda kwa sababu kipande cha duara huingia kwenye kioo kabla ya nukta na kuwaelekeza, ingawa wengi huishia kulizima.

Kuna jambo ambalo nukta humfanyia kila mtu, iwe ndogo au kubwa: humwonyesha jinsi anavyotikisika. Wapo waliokirudisha kilengeo kwa muuzaji wakidai nukta "haitulii". Mkono wao haukuwa umetulia tangu mwanzo, ila kijiti cha chuma kilikuwa na staha ya kutowaambia.

Mwangaza nao huwatatiza watu bila sababu. Nukta ikiwa kali mno huvimba, huzungukwa na ukungu mwekundu, na hapo ndipo MOA 3 huonekana kama 10. Ikiwa hafifu, jua la saa sita mchana la nchi zetu huimeza. Mifumo ya kujirekebisha yenyewe ina mtego wake: kihisi chake hupima mwanga pale ulipo wewe, si pale ilipo shabaha. Ukiwa chini ya banda la mabati na shabaha iko juani, kifaa kinadhani ni jioni na kuipunguza nukta wakati ule ule unapoihitaji kuwa kali. Chagua chenye vitufe unavyoweza kuvibonyeza mwenyewe, na urekebishe mwanga ukitazama shabaha yenyewe kabla ya zamu yako kuitwa. Kuhusu rangi ya kijani dhidi ya nyekundu, tumia ile ambayo jicho lako linaiona duara.

Neno hilo "duara" lina uzito. Baadhi ya wanunuzi hufungua boksi, wakawasha, na kuona si nukta bali koma, nyota au kishada cha zabibu, kisha wakaamini wameuziwa kifaa kibovu. Mara nyingi aliye na kasoro ni jicho: hitilafu ya mpindo wa jicho iitwayo astigimatizimu, ambayo wengi wanayo bila kujua. Jaribio lake ni rahisi. Weka kamera ya simu nyuma ya kioo na upige picha ya nukta. Ikiwa kwenye picha ni duara safi, kifaa ni kizima, na hatua inayofuata ni kwa daktari wa macho, si kwa muuzaji. Miwani sahihi humaliza tatizo kwa wengi, na kupunguza mwangaza huwasaidia wengine.

Kisha kuna kilengeo cha wazi na cha kufungwa. Katika kilengeo cha wazi, ile taa ya LED iko nje, na tone la mvua, vumbi au tone la mafuta ya kulainishia likiikalia, nukta hutawanyika au hupotea. Cha kufungwa, kama Aimpoint ACRO au Holosun 509T, kina kioo mbele na nyuma, na taa imo ndani ya sanduku. Mvua ikinyesha unafuta kioo kwa kidole na kuendelea. Kasoro yake ni uzito na, kwa vingi, dirisha dogo. Anayeshindana msimu wa vumbi kwenye viwanja vya udongo mwekundu ana sababu nzuri ya kukifikiria. Betri si jambo la kukosesha usingizi: tangazo la saa 50,000 ni zaidi ya miaka mitano ya kuwaka mfululizo, lakini hesabu hiyo hufanywa kwa mwangaza wa wastani, kwa hiyo badilisha kila mwaka. Angalia tu kama betri hubadilishwa kwa juu au ubavuni, au ni lazima ukifungue kilengeo chote na kuirekebisha nukta upya.

Kwa wanaoagiza kutoka nje, vilengeo vya silaha vimo katika bidhaa ambazo sheria za Marekani hudhibiti usafirishaji wake, kwa hiyo muuzaji wa huko anaweza kukataa oda yako hata baada ya kupokea malipo. Pitia kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni wa nchini mwako, na uulize mamlaka ya leseni kabla ya kulipa.

Kikishafika, skrubu ndizo huamua kama ulichokinunua kitadumu. Zifute mafuta kabisa, tia tone dogo la gundi ya skrubu, na uzikaze kwa spana ya kupimia mkazo kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, si kwa nguvu za mkono, kwa maana skrubu hizo ni nyembamba na hukatika. Kisha irekebishe nukta ilingane na mahali risasi zinapopiga, ukiwa umeegemeza bastola kwenye mfuko wa mchanga, kwa mita 15 au 25. Kwenye vilengeo vingi kliki moja ya skrubu ya kurekebishia husogeza MOA 1, yaani milimita 7 kwa mita 25. Usishangae kwamba kwa mita 3 risasi zitapiga chini ya nukta kwa sentimita mbili au tatu: kilengeo kiko juu ya mtutu, na mistari hiyo miwili bado haijakutana. Kumbuka hilo pale shabaha ya adhabu, ile ambayo ukiipiga unakatwa alama, inapokuwa imeifunika nusu ya chini ya ile unayotakiwa kuipiga.

Mwisho, chukua kalamu ya rangi nyeupe na uchore mstari mwembamba unaotoka kwenye kichwa cha kila skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo. Uutazame kabla ya kila mzunguko. Ukionekana umekatika, skrubu imezunguka na kilengeo kimeshahama, hata kama nukta bado inawaka vizuri.